Dari ya boti: paneli moja iliyopasuka na saba zilizotoka salama

Kisa hiki ni cha boti ya tanga iliyokuwa ikivuja, kwenye hori moja la pwani ya Kenya kaskazini mwa Mombasa. Jina la boti, la mwenyewe na mwaka nimeviondoa. Mimi ndiye niliyesimamia kazi, kwa hiyo makosa nitakayoyataja mengi ni yangu. Nimeandika kwa ajili ya mafundi wenzangu na kwa wenye boti wanaopenda kujifanyia kazi wenyewe, maana kwenye boti za faiba dari ndiyo inayoharibiwa mara nyingi na mtu aliyekuja kutengeneza kitu kingine kabisa.

Boti na dari yake

Boti ilikuwa ya faiba, futi 38, imejengwa Ulaya miaka ya 1980. Sitaha yake ni ya tabaka tatu: faiba juu, faiba chini, na katikati mti mwepesi wa balsa. Sitaha ya namna hii ni ngumu bila kuwa nzito, ila maji yakiingia kwenye ile balsa hayatoki. Hukaa humo yakioza polepole.

Ukumbini dari ilikuwa na paneli nane, nne kulia na nne kushoto, zimepangwa kutoka omo (mbele) kwenda tezi (nyuma). Chumba cha mbele kilikuwa na tatu nyingine. Kila paneli ni plaiwudi ya milimita 4, juu yake sponji nyembamba ya milimita 3, kisha reksini ya rangi ya maziwa iliyokunjiwa nyuma na kubanwa kwa pini za stepla. Kati ya safu ya kulia na ya kushoto ulipita upapi mrefu wa mti wa msaji. Ukingo wa nje wa kila paneli, ule wa upande wa ubavu wa boti, uliingia ndani ya mfuo wenye kina cha kama milimita 15. Chini ya paneli, kila upande, kulikuwa na reli ya msaji ya kushikia mkono boti inapolala upande.

Hayo ndiyo yaliyoonekana kwa macho. Vinavyoishikilia dari ya boti vingi huwa vimefichwa makusudi, kwa sababu aliyeijenga hakutaka mgeni aone skrubu.

Tatizo

Wakati wa masika maji yalianza kudondoka juu ya kitanda cha kulia. Mzee, yaani mwenye boti, alipanda sitahani na bomba la silikoni akapaka kila kitu alichokishuku: nguzo za ukingo, kizingiti cha tundu la hewa, mabano ya kapi. Mvua iliyofuata, maji yakaja palepale.

Aliponiita nilimwomba anioneshe ndoo. Maji yaliyokuwemo yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Maji ya mvua yanayopita moja kwa moja kwenye tundu hutoka safi. Haya yalikuwa yamekaa kwenye mbao kwanza. Pale nilijua kwamba dari lazima ishuke, na kwamba kuipaka sitaha silikoni zaidi kungekuwa kuufungia unyevu ndani.

Mzee alipendekeza tukate dirisha dogo kwenye paneli, palepale panapodondoka, tuchungulie. Nilikataa. Maji yakishapenya sitaha hutembea juu ya dari yakifuata mteremko, hukutana na ukingo au waya, ndipo huanguka. Tundu la kuchungulia lingetuonesha mahali maji yanapomalizia safari, na paneli ingekuwa imeshakatwa. (Baadaye tulipima: kutoka yalipoingilia hadi kwenye ndoo ilikuwa zaidi ya mita moja.)

Kungoja au kuezua

Tulikuwa mwezi wa Juni. Ile reli ya ndani na reli ya nje iliyoko sitahani zilishikwa na boliti zilezile, sita kila upande, zinazopita sitaha nzima. Paneli zimebanwa nyuma ya reli ya ndani. Maana yake huwezi kushusha paneli bila kufungua nati, na ukishafungua nati umevunja muhuri wa matundu sita juu ya kichwa chako.

Kwa hiyo nikasema tungoje kaskazi ikomae, Januari, mvua za vuli zikishapita. Mzee hakufurahi. "Fundi, miezi sita nilale na ndoo?" Nilimwambia ndiyo, ila tufunike sehemu ile kwa turubai kila mvua ikinyesha. Uamuzi huu nitaurudia kwenye uchambuzi, maana haukuwa wa bure.

La pili lilikuwa idadi. Mimi nilitaka tushushe paneli nne za kulia tu. Mzee alitaka reksini mpya ukumbi mzima, kwa sababu ya zamani ilikuwa imeanza kuwa ya manjano, na upande mmoja mpya ungeonekana kama kiraka. Tukakubaliana nane. Za chumba cha mbele tukaziacha.

Siku ya kwanza

Tulizima swichi kuu ya betri, maana taa za dari zilikuwa za volti 12 na waya zake zilipita juu ya paneli. Tulipiga picha. Kila paneli tuliibandika utepe wa karatasi wenye namba na mshale unaoelekea omo: L1 hadi L4 kulia, S1 hadi S4 kushoto. Tulitoa reli ya ndani ya kulia na upapi mrefu wa katikati. Hadi hapo mambo yalikwenda vizuri mno, na nadhani ndicho kilichotulewesha.

Nilikuwa na kijana anayejifunza kazi. Nilimwambia aanze na L1, ile ya mbele kabisa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na kitanda kilicholowa. Alitafuta skrubu, akazitoa nne alizoziona, paneli ikalegea upande mmoja tu. Akachomeka bisibisi ya bapa kwenye ukingo wa nyuma akaanza kuinyanyua.

"Ami, hii imekwama."

Nami nikiwa nimeinama chini natafuta kizibo kilichoanguka, nikamjibu bila kutazama: "Ivute kidogo."

Ilisikika kama ubao wa mkate ukivunjika. Ncha ya bisibisi ilikuwa imetoboa reksini na kuichana kama sentimita 7, na ndani kuna kitu kilichopasuka ambacho hatukukiona.

Nilisimamisha kazi. Tukanywa chai sitahani, tukarudi kuitazama dari kwa saa nzima bila kushika chombo chochote. Saa ile ingetakiwa ije mwanzo.

Kuisoma dari

Kijana alipendekeza sumaku, aipitishe juu ya reksini agundue skrubu zilizofichwa. Ni wazo zuri kwenye nyumba. Kwenye boti skrubu ni za shaba au za chuma kisichoshika kutu, na sumaku huzipita kama hazipo. Ilichonasa ni pini za stepla tu.

Kilichosaidia ni tochi. Uizime taa nyingine zote, ulaze tochi ubavuni ili mwanga upite sambamba na dari, na kila bonde dogo litatoa kivuli. Reksini iliyobanwa na skrubu kwa miaka thelathini huwa na kibonde hata ukiifunika kwa kitu. Halafu kiganja: ukibonyeza paneli taratibu, penye nafasi hucheza, penye ubao wa kushikilia hukataa. Tulichora kwa penseli juu ya utepe kila mahali palipokataa.

Ndipo tukaona kwamba L3, ya tatu kutoka omo, ilikuwa tofauti. Haikuwa na skrubu hata moja ya kuonekana. Katikati yake ilikuwa na taa. Tukatoa kifuniko cha taa, na chini yake tukakuta skrubu mbili za shaba, na nyingine mbili chini ya upapi mfupi uliobandikwa kwa gundi tukidhani ni pambo. Tulipozitoa, L3 ilisukumwa kuelekea katikati ya boti ule upana wa mfuo, ukingo wa nje ukatoka, paneli nzima ikashuka mikononi mwetu bila sauti.

Tulipoona migongo ya paneli tulielewa yote. Plaiwudi nyembamba ilikuwa imegundishwa nyuma ya ukingo wa L2 ikatokeza kama ulimi, na ulimi huo ulikaa juu ya L3. Ulimi wa L4 nao ulikaa juu ya L3 kutoka upande wa pili. Ulimi wa L1 ulikaa juu ya L2. L3 ndiyo iliyopachikwa mwisho kiwandani, kwa hiyo ndiyo pekee inayoweza kutoka kwanza. Baada yake L2, kisha L1, na L4 wakati wowote. Tulipomwambia kijana aanze na L1 tulikuwa tumemwambia avute ulimi uliolala juu ya paneli nyingine. Ungepasuka hata kwa mkono wa malaika.

Na mgongoni mwa kila paneli kulikuwa na namba ya penseli ya fundi wa kiwandani: kutoka L1 hadi L4 ni 1, 2, 4, 3. Mpangilio mzima uliandikwa, upande ambao huwezi kuusoma mpaka umeshamaliza.

Safu ya kushoto ilitoka kwa dakika arobaini, paneli zote nne, hakuna hata mkwaruzo.

Skrubu, vizibo na vumbi

Skrubu za papi zilikuwa za shaba, za mfereji mmoja, na mifereji ilijaa vanishi ya miaka mingi. Hapa watu wengi hukimbilia drili ya betri. Shaba ni laini, na ncha ikiteleza mara moja kichwa kimekwisha, hapo unabaki na skrubu isiyotoka katikati ya mti wa msaji. Tulisafisha kila mfereji kwa ncha ya sindano kubwa ya kushonea magunia, tukatumia bisibisi inayojaza mfereji kwa upana na unene, tukaikaza kwanza kama robo ya nywele ili ivunje vanishi, kisha tukaifungua. Skrubu mbili tu zilikataa. Tulizigusa kwa chuma cha kulehemu waya zikapata joto, na zilipopoa kidogo zikatoka.

Vichwa vya boliti za reli ya nje vilifunikwa kwa vizibo vya mbao. Usikinyanyue kizibo kwa patasi, utachimbua reli. Toboa tundu la milimita 3 katikati yake, ingiza skrubu ndogo, endelea kuizungusha. Ncha ikifika kwenye kichwa cha boliti haina pa kwenda, kizibo chenyewe hupanda. Kitaharibika, lakini kizibo ni kitu cha kukatwa kingine. Vipya tulivibandika kwa vanishi badala ya gundi, ili atakayekuja baadaye naye apate kuvitoa.

Sponji ya zamani ilikuwa imekuwa unga. Ukiigusa inamwagika kama pumba za mahindi, inaingia machoni na kooni. Vaeni barakoa na miwani. Kofia pia, maana ncha za boliti zinazotokeza chini ya sitaha ni kali, nami nina kovu la kuthibitisha.

Kilichokuwa juu

Boliti mbili kati ya sita za reli ya kulia zilikuwa na duara la kahawia kuzizunguka. Tulichokonoa tundu la kwanza kwa msumari uliopindwa, ikatoka balsa nyeusi, laini, iliyolowa. Kwenye tundu la pili hali ilikuwa nafuu. Tulichimba balsa mbovu mpaka tukafika kwenye kavu, eneo la kama shubiri moja, tukaliacha likauke kwa siku kadhaa za jua la Januari, tukajaza epoksi nzito (gundi ya kuchanganya inayokuwa ngumu), na ilipokomaa tukatoboa upya katikati ya epoksi. Sasa maji hata yakipita kwenye boliti hayakutani na mti. Matundu yote kumi na mawili, ya kulia na ya kushoto, yalifanyiwa hivyo, na reli zikarudishwa juu ya utepe wa butili, ule wa mpira laini unaonata na kuzuia maji.

Kabla ya kurudisha dari tulipima kwa mpira wa maji. Unaanza sehemu ya chini ya sitaha unapanda juu, dakika kumi kila mahali, mmoja akiwa ndani na tochi. Ukianza juu maji yanateremka yanalowesha kila kitu na hutajua ni kipi kinachovuja. Palikuwa pakavu.

Kwa fundi wa makochi

Paneli zilipelekwa pwani kwa dingi (boti ndogo), wakati wa maji mafu na mapema asubuhi, kabla upepo haujaamka. Paneli ya karibu mita mbili ikishikwa na upepo ni tanga. Tulizilaza bapa juu ya magodoro bandani, reksini kwa reksini. Ukiiegemeza plaiwudi ya milimita 4 ukutani kwa wiki mbili kwenye joto la pwani itapinda, na ikipinda itakaa hivyo.

Ulimi uliovunjika wa L1 tuliutengeneza upya kwa plaiwudi na epoksi. Kisha paneli zote nane zikaenda kwa fundi wa makochi mjini, na hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Nilimpa reksini, nikamwambia: "Fanya kama zilivyokuwa." Sikumpa kipande cha sponji ya zamani wala kipimo. Sponji ya milimita 3 hakuwa nayo. Akaweka ya 6, akaikunjia hadi nyuma ya ukingo pamoja na reksini, akapiga pini za kawaida za chuma. Kwa macho ya kochi ilikuwa kazi nzuri sana, na mwenyewe aliniambia kwa fahari, "Nimekuwekea laini zaidi, fundi."

Nilizipokea, nikazisifu, nikalipa.

Kurudisha

Tulianza kwa mpangilio wa penseli: L1, L2, L4. Zilibana, ila ziliingia. L3 ikakataa. Ilikuwa imezidi nafasi yake kwa zaidi ya kidole. Hesabu yake ni rahisi ukishaijua. Sponji iliyoongezeka milimita 3, ikikunjwa ukingoni, huongeza 3 mbele na 3 nyuma, yaani 6 kwa paneli. Paneli nne kwa safu ni milimita 24. Sponji hubonyea kidogo, lakini haibonyei milimita 24.

Kijana alitaka tuisukume kwa goti. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimejifunza kitu, nikamwambia aishushe.

Tulikuwa na njia tatu. Kukata plaiwudi kwa randa kungewezekana, lakini siku mtu akirudisha sponji nyembamba papi zisingefunika viungo. Kurudisha zote kwa fundi zivuliwe kabisa kungekuwa sahihi zaidi, na kungekula wiki nyingine. Tulichagua ya tatu: kufungua kingo tu, kukata sponji iishie sawasawa na ukingo wa plaiwudi, na kuikunja reksini peke yake. Pini zilishatolewa kwa kazi hiyo, kwa hiyo tukabadilisha na zisizoshika kutu. Za kawaida zingeanza kutoa madoa ya kahawia kwenye reksini ya rangi ya maziwa kabla ya masika mawili kupita, kwa unyevu wa pale. Tuligundua pia kwamba baadhi ya zile za fundi zilikuwa ndefu kuliko plaiwudi na ncha zake zilikuwa zinachoma sponji kutoka nyuma.

Gundi ilitusumbua. Bandani Januari ilikuwa ikikauka kabla hujamaliza kuipaka, kwa hiyo tuligundisha kingo alfajiri tu. Tulitumia inayostahimili joto. Ile ya viatu hulegea sitaha ikipigwa na jua la saa saba, na reksini huanza kuning'inia kama tumbo.

Unene ulitufuata hadi kwenye skrubu. Paneli sasa ilikuwa nene kwa milimita 3 usoni, skrubu za zamani zikawa hazishiki vizuri, na kijana akaja na pakiti ya ndefu zaidi. Aliyaona matundu ya zamani, akaona skrubu inaingia, akawa tayari kuikaza. Nilimwomba apime kwanza. Skrubu ile ingepita ubao wa kushikilia, ikapita faiba ya chini ya sitaha, na kuishia ndani ya balsa. Tungekuwa tumefungua tundu jipya la kuvuja kutoka ndani, huku tukimalizia kuziba la zamani. Tulichukua skrubu zilizozidi za zamani kwa milimita 3 kamili, na kwenye drili tukafunga utepe kuonesha kina ambacho ncha haitakiwi kupita.

Matundu ya zamani yaliyolegea tuliyajaza njiti ya kiberiti na tone la gundi. Yaliyokuwa mazima, skrubu tuliirudisha kwenye njia yake ileile: unaiweka tunduni, unaizungusha kinyume kwanza, taratibu, mpaka uhisi inaanguka kidogo. Pale imekutana na mfuo wake wa zamani. Kisha unakaza. Ukiikaza bila kutafuta pale inakata njia mpya juu ya ya zamani, na mti wa msaji baada ya mara tatu unakuwa unga.

Waya za taa tulizivuta kwa uzi tuliouacha tangu kuezua. Hakuna skrubu iliyokazwa hadi mwisho mpaka paneli zote nne za safu zilipokaa na papi zikalingana.

Matokeo

Kazi niliyomwahidi Mzee kwa siku tano za mikono ilikula siku kumi na sita, bila kuhesabu za kungoja epoksi na balsa. Paneli saba hazina dosari. L1 ina ulimi mpya usioonekana, na kwa kuwa reksini ilibadilishwa hata mchano haupo. Upapi mmoja mfupi una wimbi dogo ambalo Mzee hulionesha kila mgeni. Masika yaliyofuata ndoo ilibaki kavu.

Uchambuzi

Paneli ya kwanza haikupasuka kwa sababu kijana alikuwa na nguvu. Ilipasuka kwa sababu nilichagua pa kuanzia kwa kufuata maji badala ya kufuata dari. Kila dari ya namna hii ina paneli moja iliyoingia mwisho, na alama zake karibu kila mara ni zilezile: haina skrubu za kuonekana, ina taa au kitu kingine kinachoweza kuficha kishikizo, na iko mahali ambapo mtu wa mwisho kiwandani angeweza kusimama akainua mikono. Kama ningetafuta hiyo kabla ya kugusa chochote, kisa hiki kingekuwa kifupi. Na jibu langu la "ivute kidogo" nilipokuwa sitazami ni kosa la msimamizi, silibebeshi mwanafunzi.

Utepe, picha, mishale na uzi wa waya vilifanya kazi yake kimyakimya, na ndiyo sababu sina mengi ya kusema juu yake. Bila hivyo kurudisha paneli nane zinazofanana, ambazo kwa kweli hazifanani hata mbili, kungekuwa bahati nasibu.

Kosa la sponji ni la aina nyingine. Fundi wa makochi hakukosea kwa viwango vyake. Kwenye kochi milimita 3 hazina maana, na laini zaidi ni bora zaidi. Mimi ndiye niliyejua kwamba zitarudi kwenye nafasi isiyosogea, na sikumwambia. Siku hizi ninapeleka paneli moja kwanza, ikirudi naijaribu botini, ndipo zinafuata nyingine. Na ninapeleka kipande cha sponji ya zamani ndani ya mfuko wa plastiki, hata kama kimekuwa unga, kwa ajili ya unene.

Kungoja hadi Januari bado nakutetea, ingawa kwa shingo upande. Kufungua boliti kumi na mbili za sitaha katikati ya mvua kungeharibu zaidi. Lakini balsa ile iliendelea kunywa maji miezi yote ya kungoja, kwa kuwa turubai haikufungwa kila mvua kama tulivyokubaliana, na huenda eneo bovu lingekuwa nusu yake. Kulikuwa na njia ya katikati ambayo haikunijia: kufungua zile boliti mbili tu kutoka juu siku moja kavu, kuzizungushia utepe mpya wa butili, na kuiacha dari hadi kaskazi. Isingeponya, ila ingepunguza.

Kuhusu paneli za kushoto, hapo mimi na Mzee hatujakubaliana hadi leo. Kwa ajili ya rangi kulingana tulifungua matundu sita yaliyokuwa mazima. Tuliyakuta makavu kabisa, yenye muhuri ambao pengine ungedumu miaka mingi. Yeye husema sasa yana epoksi na yako salama kuliko zamani, na ni kweli. Mimi huona kwamba tulikwenda kumpasua mgonjwa asiyeumwa ili shati lake lilingane na la ndugu yake.

Chumba cha mbele bado. Paneli zake tatu hazina skrubu kabisa, zimeshikwa kwa tepu za Velcro ambazo gundi yake imekufa kwa joto, na moja imeanza kushuka yenyewe juu ya kitanda. Mzee ameinyanyua kwa kijiti cha ufagio mpaka Januari ijayo.